Uliza Karai Lilikotoka

Kuna biashara moja huko Uingereza ambayo mtu wa Shinyanga akisimuliwa atadhani anataniwa. Wafanyabiashara wanakwenda India, wananunua makarai makuukuu, yale makubwa ya chuma ambayo wapishi wa harusi na sikukuu wamekaangia na kuchemshia maziwa miaka na miaka. Wanayapakia melini, wanayasugua, wanayatafutia miguu na wavu wa kuchomea, kisha wanayauza kwa mamia ya pauni. Mnunuzi analiweka bustanini, anatia kuni, na jioni ikiingia anaota moto na kuchoma nyama na marafiki. Viraka na ribiti zinazoonekana ndizo zinazosifiwa kwenye tangazo. Siku hizi yanatengenezwa hata mapya yenye ribiti zilezile, ili yafanane na yaliyozeeka.

Sasa njoo Ibadakuli. Hii ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, penye uwanja wa ndege wa mkoa na kituo kikubwa cha kupoza umeme, ambako njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida inafikia. Pamoja na umeme wote huo kupita juu ya vichwa vya watu, jioni barabarani bado ni mkaa na kuni. Na mkaa ndani ya karai si jambo la kumfanya mtu ageuke kutazama. Karai lililochoka kwenye zege linakuwa jiko la kuchomea mahindi. Lililotoboka kitako linazungushiwa mawe matatu, linatandikwa waya juu, mishikaki inapangwa. Mlinzi wa usiku analitia vipande vya mbao akiota hadi alfajiri. Hakuna anayeita hayo ubunifu. Ni matumizi tu.

Ingekuwa rahisi kuandika makala ya kulalamika: tazama, Wazungu wanauza kwa bei ya ng'ombe kitu ambacho sisi tunakifanya bure. Malalamiko hayo yana ladha yake, lakini hayatufikishi mbali, kwa sababu karai lenyewe halikuwa letu, na hao Wazungu nao wamelichukua kwa watu wengine. Kinachonivutia ni swali jingine. Yule muuzaji wa Uingereza anamwambia mteja wake karai lilikotoka na kazi lililofanya kabla ya kufika bustanini. Historia ni sehemu ya bei. Sisi tunaolitumia kila siku hatuulizi. Na kwetu, katika ukanda huu wa machimbo, kutouliza kunaweza kumdhuru mtu.

Neno lenye herufi mbili

Tuanze na jina. Waingereza wanaliandika *kadai*, sisi tunasema *karai*, na mtu anaweza kudhani ni vitu viwili. Ni neno moja. Katika Kihindi na lugha jirani zake, ikiwemo Kigujarati, kuna sauti inayotamkwa kwa ncha ya ulimi kukunjwa nyuma na kugonga juu ya kinywa. Sikio la Mwingereza mara nyingi huisikia kama *d*. Sikio la Mswahili limeisikia kama *r*. Kila mmoja akaandika alichosikia. Kwetu neno likapokelewa kwa heshima zote za sarufi: karai hili, makarai haya, karai la zege, karai la chipsi.

Halikuja peke yake. Gari, gunia, pesa, laki, hundi, bima, bepari, dobi, kuli, chapati, kachumbari, bajia: hebu jaribu kupitisha siku nzima mjini bila kulitumia hata moja. Ukiyapanga maneno hayo mezani unaona picha ya jinsi tulivyokutana na Bara Hindi: sokoni, dukani, jikoni, kwenye kazi ya mikono na kwenye deni. Maneno ya ibada na ya sheria tuliyapata zaidi kwa Waarabu, ya ofisi na shule kwa Wazungu. Wahindi walituachia maneno ya vitu vinavyoshikika na vinavyohesabika.

Maana nayo imetawanyika kadiri neno lilivyosafiri. Nairobi, karai ni hata beseni la kufulia nguo, liwe la plastiki au la bati. Kwetu Kanda ya Ziwa la plastiki ni beseni, na karai ni la chuma, bati au alumini, lenye mdomo mpana, kina kifupi na masikio mawili ya kushikia. Umbo limebaki lilelile la India. Kazi ndizo zilizoongezeka.

Na mapokezi hayakuwa ya upande mmoja. Wahindi wa Kenya wana mtindo wao wa kupika nje na marafiki: jiko la mkaa, karai juu yake, kuku na viungo ndani, vinywaji mezani, kila mmoja akishika mwiko kwa zamu. Nairobi kuna mikahawa mizima iliyojengwa kwa ajili hiyo. Mteja anapewa jiko, karai, nyama na viungo, anajipikia mwenyewe kwenye kibanda cha bustani. Mtindo huo unaitwa *koroga*, au *karoga* katika matamshi yao. Ni kitenzi chetu hichohicho cha kukoroga. Kwa hiyo sisi tulichukua jina la chombo kutoka kwao, wao wakachukua jina la tendo kutoka kwetu. Kabla karai halijafika kwenye bustani yoyote ya Uingereza, lilikuwa tayari limewashiwa moto bustanini Afrika Mashariki, kwa lugha mbili katika sentensi moja: lete karai, tukoroge.

Chuma kabla ya karai

Mtu asidhani kwamba chuma kilifika Usukuma pamoja na duka la Mhindi. Kusini mwa Ziwa, katika maeneo ambayo leo yamo katika mkoa wa Geita na jirani zake, Warongo walikuwa wafua chuma wenye sifa. Walichimba udongo wa chuma, wakauyeyusha kwa mkaa katika tanuri za udongo zenye mivukuto, wakafua majembe. Jembe halikuwa la kulimia tu. Lilifanya kazi ya fedha, lilitolewa mahari, lilisafiri na wachuuzi hadi Unyamwezi. Watu wa hapa walijua chuma, walijua thamani yake, na walikuwa na utaalamu wa moto tangu zamani.

Ambacho hawakuwa nacho ni bamba: chuma kilichosagwa na mashine kikawa chepesi na kipana, kinachoweza kukunjwa kikawa bakuli. Wala hawakuwa na sababu ya kulitaka. Chakula cha Msukuma kilikuwa cha kuchemsha na kuchoma. Ugali ulisongwa kwenye chungu. Viazi vitamu vilikatwa na kuanikwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Nyama ilichomwa. Kukaanga kwa kuzamisha chakula kwenye mafuta mengi yanayochemka ni utaalamu mwingine, na unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: chombo cha bamba, mafuta ya kutosha, na unga wa ngano au kitu kingine cha kutumbukiza. Vyote vitatu vilifika kwa njia moja.

Njia yenyewe ilianzia pwani. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara, na wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokuwa wakikopesha mali na kuikodishia misafara hiyo wapagazi. Aliyejulikana zaidi ni Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake mgonjwa wa Muhimbili bado analisoma kwenye jengo la wodi ya Sewa Haji. Allidina Visram, mzaliwa wa Kachi, alianza naye Bagamoyo akiwa kijana, akafungua maduka yake kufuata njia za misafara, kisha akaifuata Reli ya Uganda hadi Kisumu na Kampala. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa amegeuza duka la bara kuwa kitu cha kawaida.

Reli ndiyo iliyobeba mizigo mizito. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa mwaka 1901, ililetewa vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, maelfu walibaki, na pamoja nao wakabaki mafundi wa chuma, wakiwemo makalasinga ambao hadi leo jina lao linafuatana na gereji na karakana. Upande wetu, Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928, likipita Shinyanga. Sasa behewa moja liliweza kuleta mabamba, masufuria, majembe ya kiwandani na makarai kwa bei ambayo mpagazi asingeiweza. Tanuri za Warongo hazikuwa na jibu kwa bei hiyo.

Mizani, pamba na mafuta

Behewa likishusha bidhaa halikurudi tupu. Lilirudi na pamba. Usukuma ulikuwa nchi ya pamba, na vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi. Mkulima aliuza pamba yake kwa Mhindi, akapokea fedha, akavuka barabara kuinunulia chumvi, khanga, sukari na karai kwa Mhindi mwingine, pengine huyohuyo. Kisha mbegu za pamba zilizobaki kinuni zikakamuliwa mafuta. Hapo ndipo karai likapata kazi yake kamili. Andazi la kwanza lililokaangwa katika mji mdogo wa Usukuma lilikuwa na historia nzima ndani yake: ngano ya dukani, sukari ya dukani, chombo cha reli, na mafuta ambayo yangeweza kuwa yametoka kwenye shamba la huyo anayelila.

Tusiipambe historia hii. Ndani ya mpangilio wa kikoloni, Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mizani ya mnunuzi wa pamba ilikuwa mahali ambapo mpangilio huo uliumiza kila msimu. Malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani ndiyo yaliyozaa vyama vya wakulima vilivyoongozwa na Paul Bomani, hadi Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilipoundwa mwaka 1955 na wakulima wakaanza kuuza na hatimaye kuchambua pamba wenyewe. Baada ya Uhuru likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka. Nyingine zilikwenda Kanada, nyingine Uingereza, na miji midogo ikabaki na safu za maduka yenye baraza na miaka iliyochongwa juu ya milango, bila wenyewe.

Mwandishi M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliifanya hali hiyo kuwa riwaya. Katika *The Gunny Sack*, ya mwaka 1989, kijana anarithi gunia kuukuu kutoka kwa bibi wa ukoo, na kila kitu kinachotoka ndani ya gunia kinafungua kipande cha habari za familia iliyohama kutoka India hadi Tanganyika. Gunia lenyewe, tumeshaona, ni neno lao lililokuwa letu. Riwaya ile inafanya jambo ambalo vitabu vyetu vya historia vinafanya mara chache: inakubali kwamba chombo cha kazi kinaweza kuwa kumbukumbu.

Tofauti ni kwamba gunia la Vassanji lilibaki na wenyewe. Karai lilibaki na sisi. Wenye maduka waliondoka na vitabu vyao vya hesabu, na picha zao za harusi. Bakuli la chuma likabaki kwa wapishi, vibarua na wachimbaji, watu ambao hawaandiki kumbukumbu zao, na ambao wamelitumia karai mpaka likasahau asili yake.

Kazi tatu

Leo hii, kati ya Shinyanga na Geita, karai lina kazi kubwa tatu, na inafaa kuzitenganisha.

Ya kwanza ni jikoni, yaani ya kukaangia. Chipsi, mihogo, maandazi, sambusa, samaki. Karai la mkaanga chipsi linajulikana kwa weusi wake wa nje na ngozi ngumu ya mafuta yaliyoungua ndani. Mafuta hayo yaliyoshika kwenye chuma ndiyo yanayozuia chakula kunata. Mama anayejua kazi yake hasugui karai likang'aa.

Ya pili ni ujenzi. Saidia fundi analibeba kichwani likiwa na zege, mchanga au udongo, na limegeuka kipimo: mfuko mmoja wa simenti kwa makarai kadhaa ya mchanga. Nyumba nyingi za mji wa Shinyanga zimepimwa hivyo. Karai la kazi hii mara nyingi ni la bati lililopakwa zinki, jepesi, linalochakaa upesi, na ukingo wake ukikatika unakata vidole.

Ya tatu ni machimbo. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini pembeni ya migodi yenye uzio kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, na huko karai ni mkono wa pili wa mtu. Jiwe likitoka kwenye duara linasagwa kwenye karasha hadi liwe unga. Unga unapitishwa na maji kwenye mwalo, na kile kizito kinachobaki kinaoshwa kwenye karai au beseni kwa kuzungusha taratibu, maji yakimwagika na mchanga mwepesi, dhahabu ikibaki chini kwa sababu ya uzito wake. Umbo lilelile lililobuniwa ili mafuta yakusanyike katikati na chakula kigeuzwe kirahisi, linakusanya dhahabu vizuri. Kina kifupi, mdomo mpana, kitako cha mviringo.

Kisha inaongezwa zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu na kufanya nayo donge laini; donge linakamuliwa kwenye kitambaa, halafu linachomwa. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Kazi hii inafanywa na wanaume na wanawake, mara nyingi karibu na nyumba, wakati mwingine kwenye jiko lilelile la mkaa.

Moto wa uani

Kabla sijaunganisha hizo kazi tatu, kuna moto mmoja ambao lazima tuutaje, maana ndio wa kwanza. Wasukuma wana shikome. Ni moto wa nje, uani, ambapo jioni wazee walikaa na vijana baada ya mifugo kurudi. Hapo kijana alijifunza ukoo wake, vitendawili, namna ya kumtambua ng'ombe mgonjwa, namna ya kuongea mbele ya watu. Shikome halikuhitaji chombo. Moto uliwashwa chini, juu ya ardhi, na mduara ulikuwa wa watu.

Mtu akikueleza kwamba moto wa bustanini ni mtindo mpya uliotoka Ulaya, mkumbushe hilo. Hamu ya kukaa kuzunguka moto na kuongea ni ileile. Ila nasi tusijidanganye, shikome lilihitaji kuni, na Shinyanga iliwahi kuzimaliza. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihamasisha watu kufyeka misitu ili kuwaangamiza mbung'o. Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton. Juu ya hapo yakaongezeka mashamba ya pamba, mifugo mingi na mahitaji ya kuni. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unatajwa kama jangwa la Tanzania. Watu walipikia samadi kavu na mabua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike hadi miti ijiotee. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo kila gogo linalowaka Ibadakuli limelindwa na mtu. Karai linalotunza mkaa mahali pamoja na kuzuia majivu kupeperuka ni bora kuliko moto wa wazi unaokula gogo zima, na hata Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, hautamaliza mishikaki ya jioni. Karai la moto litakuwepo. Swali ni karai lipi.

Chuma kinakumbuka

Hapa ndipo historia inapoacha kuwa mapambo. Zile kazi tatu, jiko, ujenzi na machimbo, zinatumia vyombo vinavyofanana, katika miji ileile, mikononi mwa watu walewale wenye kipato kidogo. Karai linauzwa, linaazimwa, linaokotwa, linapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kununuliwa tena. Hakuna kinachoandikwa ubavuni mwake. Karai lililokuwa mwaloni mwezi uliopita linaweza kuwa la kuchomea nyama mwezi huu.

Chombo kilichoshika zebaki hakifai kurudi kwenye chakula. Zebaki inajificha kwenye kutu, nyufa na mikunjo, na kulisugua kwa mchanga na sabuni hakukupi uhakika wowote. Ukiliwashia moto ndiyo unafanya kazi ileile ya kuchoma donge: unaigeuza zebaki kuwa mvuke, safari hii mbele ya watu wanaosubiri mishikaki. Mvuke huo unaingia mapafuni na kushambulia neva na figo, na aliye tumboni mwa mama anaumia zaidi ya mama mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walikula samaki wenye sumu hiyo kwa miaka kabla ya kuambiwa kilichokuwa kinawaua. Walioambiwa mwishoni ni wale waliokuwa karibu zaidi na tatizo. Sioni sababu ya Geita kurudia somo hilo kwa njia ya mshikaki.

Zinki nayo ina yake. Karai la bati lililopakwa zinki ni salama likibeba zege. Likiwashiwa mkaa unaopulizwa hadi chuma kikawa chekundu, zinki inaungua na kutoa moshi mweupe. Mafundi wa kuchomelea wanaujua ugonjwa wake: saa chache baadaye mtu anatetemeka kama ana malaria, kifua kinabana, ladha ya chuma mdomoni. Mapipa yaliyokatwa nusu yana hatari yao, hasa lile lililoletwa na kemikali za kuchenjulia dhahabu. La alumini, moto mkali unaweza kulilegeza hata kuliyeyusha. Na karai lolote, hata liwe safi vipi, usiingize mkaa wake ndani ya chumba ulichofunga ili kupata joto. Hewa inayotoka haina rangi wala harufu, na waliolala nayo hawaamki.

Linalofaa ni la chuma kitupu, lililokuwa jikoni, jeusi kwa mafuta. Ukitaka kulitambua, sumaku itashika chuma na kuiacha alumini. Zinki inajitangaza kwa mng'aro wa kijivu wenye mabaka, kama bati jipya la kuezekea. Zebaki haina alama. Kwa zebaki kuna njia moja tu, ya kuuliza na kujibiwa ukweli: hili lilikuwa linafanya kazi gani, kwa nani, wapi? Kama muuzaji hajui, liache likabebe mchanga.

Hayo ni maswali ya mwanahistoria, neno kwa neno. Kitu hiki kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, kimefanya nini njiani. Tumezoea kuyaacha yawe kazi ya makumbusho na tasnifu, mambo ya watu wenye muda. Yule mnunuzi wa Uingereza anajibiwa maswali hayo kwa sababu yanapendezesha bustani yake, na akikosa jibu hapotezi kitu. Anayekula mishikaki kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Ibadakuli anayahitaji zaidi, na hakuna aliyemwandikia. Basi tuanze na lililo mezani. Ukimkuta mtu anauza karai kuukuu, kabla ya kuuliza bei, muulize habari zake. Atakushangaa kidogo, halafu atakueleza.